"Faili la chapta ya 4 silifungui tena": jibu kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

"Shikamoo dokta. Niko mwaka wa tatu semesta ya mwisho, chuo kimoja hapa Dar. GPA yangu ni 3.4 na nyumbani wanategemea nitoke na apa sekondi, daraja la pili la juu, maana mimi ndo wa kwanza kufika chuo ukoo mzima, baba aliuza kipande cha shamba nimalizie ada. Data za risechi nilishakusanya tangu likizo ila chapta ya 4, ile ya matokeo, imenishinda. Supavaiza alinirudishia ikiwa imejaa maoni mekundu, toka siku hiyo, sasa ni wiki ya 5, sijafungua faili wala sijamjibu. Nikimwona koridoni napita njia nyingine. Nakunywa enaji mbili kila usiku nisome, nalala saa 8, nashtuka saa 11 alfajiri moyo unaenda mbio. Juzi kwenye test mikono ilikufa ganzi, midomo ikawa inachezacheza, nikajua nakufa, nikatoka nje. Tumbo linawaka, rumeti anasema ni vidonda vya tumbo vya mawazo. Duka la dawa wameniuzia vidonge vya usingizi nimemeza mara 2. Shangazi anasema nimechezewa, twende kwa mtu. Mama akipiga simu naiacha inaita mpaka inakata. Je, naumwa akili? Niahirishe mwaka? Naona aibu hata kuandika haya."

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na asante kwa kuandika, maana najua wapo wengi wenye hali kama yako wanaokaa nayo kimya mpaka wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semesta, ndo inalipuka.

Ngoja nirudie nilichosikia ili ujue nimekuelewa. Umetaja mambo mengi lakini yote naona yamefungwa kamba moja. Unaogopa kuwaangusha watu wa nyumbani, hofu hiyo imehamia kwenye faili moja na mwalimu mmoja, na mwili wako sasa unaishi kama wa mtu anayekimbizwa, mchana na usiku. Unaniuliza kama unaumwa akili. Kwa maelezo haya namwona mtu ambaye king'ora chake cha ndani kimewashwa mda mrefu hakijapata nafasi ya kuzima, na hali hiyo ina njia ya kutoka. Ila sijakuona kwa macho yangu, kwahiyo hapo chini ntakwambia ni nini lazima kipimwe wiki hii na ni lini usisubiri kabisa.

Nianze na ile siku ya test maana najua ndo inakutisha kuliko yote. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo kama la lozi inaitwa amigdala, kazi yake kupiga king'ora hatari ikitokea, na haikai kupima kama hatari yenyewe ni nyoka au ni karatasi ya maswali. Ikishapiga, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbiza damu kwenye misuli ili ukimbie, na pumzi inakuwa ya harakaharaka ya juujuu. Sasa wewe umekaa kwenye kiti hukimbii popote, lakini unapumua kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Unatoa kabonidioksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, inapungua kwenye damu, na ikipungua ndo vidole vinakufa ganzi, midomo inachezacheza, kichwa kinakuwa chepesi. Unahisi hewa haitoshi kumbe unapumua kupita kiasi. Alafu ukiiona ile ganzi unasema nakufa, amigdala nayo inasikia hilo neno inazidi kupiga king'ora, pumzi inazidi kukimbia, ganzi inaongezeka. Wimbi la namna hiyo kwa kawaida linafika kileleni ndani ya kama dakika 10 alafu linashuka lenyewe hata usipofanya kitu. Wewe ulitoka nje, likashuka, na sasa unaamini kutoka nje ndo kulikuokoa. Lingeshuka hata ungebaki umekaa.

Likija tena, kaa hapohapo kama unaweza. Kanyaga chini miguu yote miwili, vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka 6 au 7, polepole, kama unavyopoza uji wa moto usimwagike. Siri iko kwenye kutoa pumzi kwa mda mrefu kuliko kuvuta, ndo kunakopunguza mwendo wa moyo. Dakika 3 tu. Lakini usingoje siku ya mtihani, fanya kila asubuhi kabla hujashuka kitandani na ukiwa kwenye daladala, ili mwili uijue njia kabla ya siku ya shida.

Pamoja na hayo, moyo kwenda mbio usiuchukulie kuwa ni stresi moja kwa moja mpaka upimwe. Upungufu wa damu unaleta hali hiyohiyo, tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo inaleta, na kafeini inaleta. Nenda zahanati ya chuo wapime presha, damu, na ueleze kila kitu ulichoniambia mimi, pamoja na hizo enaji.

Sasa tuje kwenye chapta ya 4. Hapa ntakaa kidogo maana naamini ndo shina la yote.

Fikiria kinachotokea unapokaribia lile faili. Umewasha kompyuta, kishale kiko juu ya jina lake, kifua kinabana. Unakipeleka pembeni, unashika simu, unaingia WhatsApp, kifua kinaachia. Ule unafuu wa sekunde chache ni malipo, na ubongo unajifunza haraka sana kutokana na malipo. Umejifunza kwamba kukwepa kunalipa. Na kwa kuwa hujawahi kufika ndani ukaona kuna nini hasa, hofu haina kipimo, kila siku inaongezeka ukubwa kwa sababu unaijaza mwenyewe kwa kukisia. Wiki 5 umekuwa ukijifunza kitu kimoja kila siku bila kujua. Ndo maana korido imekuwa ndefu, ndo maana simu ya mama nayo imeanza kubana kifua, kwa sababu mama atauliza, "lini unamaliza mwanangu?", na jibu liko ndani ya faili.

Watu watakuita mvivu. Mimi sikubali. Mvivu hashtuki saa 11 alfajiri anahema. Huu ni woga uliopewa nafasi, na unapungua kwa kuusogelea kidogokidogo, mara nyingi, mpaka amigdala ione kwa macho yake kwamba maoni mekundu hayaumi.

Kwahiyo leo usirekebishe chochote. Mwombe rumeti akae kitandani kwake tu, asiongee, wewe fungua faili kwa dakika 10 usome maoni yote kwa sauti mpaka la mwisho. Kifua kitabana, kiache kibane, endelea kusoma. Kesho chukua karatasi ugawe maoni mafungu matatu, moja la yale ya dakika tano tano kama herufi zilizokosewa na namba za majedwali, la pili ya nusu siku, la tatu yale ambayo huelewi anataka nini. Keshokutwa anza na fungu la kwanza. Nimekaa na vijana wengi wa mwaka wa mwisho na nikwambie kitu, chapta ya 4 inarudishwa kwa makosa yaleyale karibu kila mwaka. Majedwali ya SPSS, ile programu ya kuchambua data, yamebandikwa moja baada ya jingine bila maelezo, matokeo hayafuati mpangilio wa malengo mahususi uliyoyaandika chapta ya 1, na mjadala haurudi kwenye kazi za watu uliowataja chapta ya 2. Maoni 40 ukiyakagua vizuri unaweza kukuta ni makosa manne yamerudiwa mara kumi kumi.

Na yale mekundu, mimi nayasoma tofauti na wewe. Mwalimu amekaa chini akasoma kazi yako ukurasa kwa ukurasa. Huo ni mda wake amekupa.

Ukimaliza fungu la kwanza, mwandikie. Usisubiri umalize yote. Andika hivi, au karibu na hivi: "Shikamoo mwalimu. Naomba radhi kwa ukimya wa wiki 5, nilikwama chapta ya 4 nikashindwa kusema. Nimesoma maoni yako yote na nimerekebisha majedwali. Nina maswali mawili kuhusu lengo la pili. Naomba dakika 15 wiki hii, siku na saa yoyote utakayonipangia." Basi, usiongeze. Usieleze habari za shamba wala za kuumwa kwenye ujumbe huo, ukikaa naye na ukaona anafaa kuambiwa utamwambia. Asipojibu ndani ya siku tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu, na akiendelea kukaa kimya nenda kwa mratibu wa risechi wa idara, ndo kazi yake hiyo wala hutakuwa umemshtaki mtu. Mimi mwenyewe mwaka wa mwisho nilimkwepa mwalimu wangu karibu mwezi, nikaja kugongana naye kwenye foleni ya chai, akaniuliza tu "umefikia wapi?". Mwezi mzima sikulala kwa ajili ya swali la maneno mawili.

Usingizi. Hapa ntakuwa mkali kidogo kwa upendo. Kulala masaa 3 ili usome ni kama kuchota maji kwa tenga. Ulichosoma mchana kinawekwa sawa kwenye kumbukumbu ukiwa umelala, ukikata usingizi umekata hiyo kazi katikati. Kafeini nayo inachukua kama masaa 5 nusu yake kuisha mwilini, inatofautiana kwa mtu na mtu, yaani enaji uliyokunywa saa 2 usiku, ikifika saa 7 usiku nusu bado iko kwenye damu. Ya mwisho iwe kabla ya saa 8 mchana, na upunguze moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, ukiziacha ghafla zote kichwa kitauma ukadhani ni ugonjwa mwingine. Alafu badilisha namna ya kusoma. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, wa Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma, kundi moja likayarudia kuyasoma, jingine likafunga karatasi na kujaribu kuyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndo walikuwa mbele, tena kwa mbali. Kwahiyo desa, yaani notsi zako, usilisome mara sita usiku kucha. Lisome mara moja, lifunge, andika unachokumbuka, fungua uone ulichoacha. Masaa mawili ya hivyo jioni yanatosha kuliko sita ya kukodoa macho.

Vile vidonge vya usingizi acha. Mara 2 tu hazijakufanya mtegemezi. Beba pakiti yake uende nayo zahanati waone ni nini, maana kama ni diazepamu au ndugu zake, zinazoea mwili haraka, zinaacha kichwa kizito asubuhi na zinaharibu kumbukumbu ambayo ndo unaihitaji, na zikikutana na pombe zinaweza kuzuia pumzi kabisa. Kama kuna mwenzio anayesoma hapa amezimeza kila siku kwa wiki nyingi, yeye asiache ghafla, amwone daktari apunguziwe taratibu.

Tumbo. Rumeti wako anasema walichosema wengi miaka mingi, kwamba mawazo yanatoboa tumbo. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba vidonda vingi vinaletwa na bakteria anaitwa Helikobakta pailori. Marshall alifika mahali akanywa hao bakteria mwenyewe mwaka 1984 kuthibitisha, na mwaka 2005 wakapewa Nobel. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, na wanafunzi wengi wanazimeza kama karanga kichwa kikiuma. Stresi inaweza kulifanya tumbo liwake zaidi, na enaji kwenye tumbo tupu saa 5 usiku inaongeza, lakini kama ni bakteria, kutuliza mawazo hakutamwondoa. Kuna kipimo cha choo na dawa zake zipo, nenda. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, siku hiyohiyo hospitali.

Kuhusu shangazi, usigombane naye, anakupenda na anahangaika kwa njia anayoijua. Kusali sali, sala inatuliza na kukaa na watu wa imani yako kunakutoa upweke. Lakini kwenda kwa "mtu" kutakula hela ya chakula na kutakufundisha kumwogopa jirani, wakati faili bado limefungwa. Mwambie shangazi unaanza na hospitali. Ila yeye na mimi tunakubaliana jambo moja, kwamba mzigo huu haubebwi peke yako. Zimbabwe wana neno kwa Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawa kabisa na sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani Harare wakae kwenye benchi na mtu mwenye kufungisisa, wamsikilize, wachague naye tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016, waliokaa na mabibi baada ya miezi sita walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kuongea na mtu aliyefundishwa kusikiliza ni tiba. Chuoni kwenu anza ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uliza mnasihi anapatikana lini.

GPA sasa, maana hofu yako nyingi imekaa hapo na nina wasiwasi hujaipigia hesabu. Tuchukue kozi ya miaka 3 ya krediti 360, umeshamaliza 300 kwa wastani wa 3.4, hizo ni pointi 1,020. Apa sekondi inaanzia 3.5, kwa krediti 360 ni pointi 1,260. Zimebaki pointi 240 kwenye krediti 60, wastani wa 4, yaani B+. A ya somo moja inafidia B ya jingine la krediti sawa. Ni ngumu ila iko, na risechi mara nyingi ina krediti nyingi kuliko somo la kawaida, kwahiyo chapta unayoikwepa ndo yenye pointi unazozililia. Piga hesabu na krediti zako halisi uziandike ukutani. Na ukitoka na 3.4, unamaliza na loa sekondi ya juu kabisa, digrii ni ileile, ukoo wenu una mhitimu wake wa kwanza. Sisemi haikuumi. Nasema ungebaki mzima.

Kuahirisha mwaka nakujibu kwa uaminifu, kuna wanaopaswa kuahirisha. Ukipimwa ukakutwa na ugonjwa unaohitaji mda, au ukapata msaada kwa wiki kadhaa na bado huwezi kula, kulala wala kukaa darasani, ahirisha na barua ya daktari na usimwonee mtu aibu. Lakini ukiahirisha leo kwa sababu ya faili, utapata unafuu mkubwa kwa siku tatu, alafu bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limesimama, wenzio wamevaa joho, uko nyumbani unaulizwa na kila jirani, na faili bado linakusubiri. Kwa ulichoniandikia nisingeahirisha bado. Kuna njia ya katikati, kuomba kuongezewa mda wa kuwasilisha risechi, iulizie idarani mapema kabla tarehe haijapita. Na usisaini fomu yoyote ya kuahirisha kabla hujaongea na mshauri wa wanafunzi na ofisi ya mikopo hapo chuoni.

Kuna jambo hukuliandika na mimi nakuuliza wazi, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Umewahi kuwaza bora usingekuwepo, au kujidhuru? Kama ndiyo, hata mara moja, mwambie mtu usiku huu, rumeti, kaka, mchungaji au shehe, usilale peke yako, vile vidonge mpe mtu akuwekee, na uende kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Kwa hapo Dar, Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Vilevile kama kwa wiki 2 mfululizo siku nyingi umekuwa huna furaha na chochote, chakula hakipandi, unajiona huna thamani, au lile wimbi la kwenye test linajirudia mpaka unaogopa kutoka, hapo usijitibu kwa ushauri wa kusoma kama huu, onana na mtu ana kwa ana. Najua watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Wengi wanaokwenda kliniki wanaongea, wanapewa tarehe ya kurudi, wanapanda daladala wanaenda kula mchana. Na waliolazwa Mirembe nao ni wagonjwa wanaotibiwa na kurudi kwao.

Imebaki mama. Leo usiku usingoje apige, piga wewe. Huna haja ya kumweleza yote, mwambie hivi: "Mama, kuna kazi moja ilinisumbua nikawa kimya, leo nimeifungua." Sentensi hiyo inabidi iwe kweli kabla hujapiga, kwahiyo faili kwanza, dakika 10, rumeti akiwa amekaa pale, alafu simu. Kesho asubuhi zahanati na hiyo pakiti mfukoni. Supavaiza akishajibu niandikie kasema nini.